Chuma Mbili, Chuma Tatu

Nilipokabidhi funguo za maabara, walimu vijana wa idara yetu walinizuia kwenye korido wakataka niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kufundisha kemia. Nadhani walitaka hekima. Nimepekua madaftari yangu ya zamani na hekima sikuiona. Nimeona makosa tu, mengine nimeyasahihisha mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Basi nitaandika hayo. Habari za vyeo nitaziruka maana sina nyingi, na za mshahara mnazijua, ni huohuo wenu.

Nilianza kazi nikiwa na diploma ya ualimu wa biolojia na kemia. Biolojia niliipenda. Kemia niliipita kama mtu anavyopita nyumba yenye mbwa mkali, mbio na bila kuangalia pembeni. Nilikariri, nikaandika mtihani, nikasahau. Moyoni nilijua kwamba popote nitakapopelekwa nitafundisha figo na maua. Nikapelekwa shule ya kutwa ya wasichana, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Karurumo. Mwalimu wa biolojia alikuwepo tayari, tena mzima wa afya. Aliyekuwa amehama ni wa kemia.

Siku ya kwanza niliingia kidato cha pili na tai ya bluu na koti jeupe la kuazima, lenye tundu la asidi pale mfukoni. Mada ilikuwa ayoni: atomu mojamoja zilizopoteza elektroni zikabaki na chaji chanya, au zilizopokea elektroni zikawa na chaji hasi. Sodiamu moja chanya, magnesiamu mbili chanya, klorini moja hasi, na kadhalika. Ni mada ndogo, lakini asiyeijua hawezi kuandika fomula hata moja. Mimi nilikuwa nimeisoma asubuhi hiyo nikinywa chai, na chai ndiyo niliyoikumbuka.

Nikaandika ubaoni, kwa mwandiko mzuri sana: MgCl. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Magnesiamu kloraidi." Yaani nilijaribu kusema hivyo. Neno lile lina L na R, na ulimi wangu wa Kimeru, wa kule kwetu Nkubu, uliziweka pale ulipoona panafaa. Darasa likainamisha vichwa kucheka.

Msichana wa dawati la mbele hakucheka. Aliinua mkono. Jina lake lilikuwa Wawira, mwembamba, sweta lake limeshonwa viwikoni kwa uzi wa rangi nyingine.

"Mwalimu, magnesiamu si iko na chaji mbili?"

"Ndiyo."

"Na klorini inachukua moja?"

"Ndiyo."

"Sasa ile ingine imeenda wapi?"

Nikageuka nikaangalia ubao, kana kwamba chaji iliyopotea ilikuwa imejificha nyuma ya herufi. "Swali zuri sana," nikasema. "Hilo tutaliona wiki ijayo."

Walimu wenzangu, hilo jibu mnalijua. Maswali mengi ya nchi hii yameingia kwenye wiki ijayo na hayajatoka mpaka leo.

Ningenyamaza hapo ningepona. Lakini nilitaka kurudisha heshima, kwa hivyo nikaendelea na ayoni ya salfa nikaiita salfeti. Ukutani palikuwa na kidirisha cha kupitishia vifaa kutoka chumba cha matayarisho. Kikafunguka, na uso wa mama wa makamo ukachungulia.

"Mwalimu, samahani. Kuja kidogo unisaidie na hii ndoo."

Nikaenda. Hakukuwa na ndoo. Alifunga mlango, akapangusa mikono kwenye aproni, akaniambia kwa sauti ya chini: "Salfeti iko na oksijeni ndani yake. Salfa ikiwa pekee yake inaitwa salfaidi. Na magnesiamu yako inataka klorini mbili. Rudi uwaambie ulikuwa unaangalia kama wako macho."

Nikarudi nikawaambia hivyo. Wengi waliamini. Wawira aliandika kwenye daftari lake kitu ambacho sikuthubutu kwenda kukisoma.

Huyo mama alikuwa Ciarunji, mhudumu wa maabara. Aliishia kidato cha nne, akaajiriwa na bodi ya shule kuosha vyombo, na miaka ilivyokwenda akajikuta ndiye anayepima kemikali, kutengeneza miyeyusho na kuandika lebo. Jioni ya siku ile nilimwuliza alijifunza wapi kemia.

"Mimi sikusoma chuo," akasema. "Nilisoma chupa."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amesoma lebo za rafu ile nzima, miaka mingi, chupa kwa chupa, mpaka akaona mpangilio ambao mimi chuoni nilikariri bila kuuona. Akanipa masharti. Kila siku baada ya vipindi ningebaki nimsaidie kuosha mirija ya majaribio, naye angenifundisha. Mwenye diploma akashika brashi.

Aliniuliza huku akisuuza. "Potasiamu?" Moja chanya. "Kalsiamu?" Mbili chanya. "Aluminiamu?" Tatu chanya. "Oksijeni?" Hapo nilikwama. "Angalia jedwali," akasema. "Hesabu imebakisha nafasi ngapi ijae. Mbili. Basi inachukua mbili. Mbona unakariri kitu ambacho kimeandikwa ukutani?" Jedwali la elementi lilikuwa limening'inia mbele yangu tangu siku ya kwanza. Nilidhani ni pambo.

Majina nayo alinifundisha kwa mkato. Chanya haibadilishi jina: sodiamu ni sodiamu, iwe na chaji au isiwe nayo. Hasi ndiyo hubadilisha mkia: klorini inakuwa kloraidi, oksijeni inakuwa oksaidi, nitrojeni inakuwa nitraidi. "Ukisikia 'aidi', ujue ni elementi moja tu imebeba hasi yake," alisema. "Ukisikia 'eti', kuna oksijeni imejificha." Hii ya pili ina mapungufu yake, lakini ilinitosha kwa mwaka mzima.

Halafu kulikuwa na kadi. Ciarunji alikata vipande vya kartoni za majani chai kwa wembe. Za chanya zilikuwa na meno yanayotokeza: sodiamu jino moja, magnesiamu mawili, aluminiamu matatu. Za hasi zilikuwa na mapengo: kloraidi pengo moja, oksaidi mawili, nitraidi matatu. Fomula ilikuwa sahihi pale ambapo hakuna jino lililobaki nje wala pengo lililobaki wazi. Alinikabidhi magnesiamu moja na kloraidi moja akaniambia nizipange. Jino moja likabaki nje. Nilikaa nikiliangalia kwa muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu mwenye tai.

Barabarani nilikuwa narudia peke yangu, nikitembea kwenda shule asubuhi. Siku moja mama anayeuza maparachichi pale Karurumo alinisalimia, "Habari ya asubuhi, mwalimu?" nami nikamjibu, "Mbili hasi." Alinitazama akaniongezea parachichi moja bure. Nadhani alinionea huruma.

Darasani mambo yakaanza kunyooka, ingawa si bila vituko. Alama ya sodiamu ni Na, na kwa mtoto anayefikiri kwa Kiswahili hilo ni tatizo kubwa. Nilipowauliza chumvi ya mezani imeundwa na nini, msichana mmoja aliandika "Na na Cl", nikamkata alama nikidhani amerudia. Alikuja kulalamika. Nilisoma tena, taratibu, nikamrudishia alama na kumwomba radhi. Ciarunji alisikia kwenye kidirisha akacheka mpaka akaweka chini chupa aliyokuwa ameishika.

Wawira hakuacha kuuliza. Mama yake alichuma majani chai kwenye mashamba ya watu, na Wawira alikuwa ameniambia wazi anachotaka: kusomea uuguzi. Kwa hilo alihitaji alama nzuri ya kemia. Kila nilipoandika fomula ubaoni nilimtazama yeye kwanza. Kama kalamu yake inaandika, nilijua niko salama. Kama imesimama, nilifuta.

Siku moja aliuliza, "Mwalimu, mbona chuma iko na majina mawili?" Safari hii nilijua. Nilimweleza kwamba metali nyingine hazina msimamo mmoja. Zinki ni mbili siku zote, fedha ni moja, lakini shaba ina moja na mbili, na chuma kinaweza kupoteza elektroni mbili au tatu. Ndiyo maana tunataja namba: chuma mbili, chuma tatu. Nikawaonyesha. Ukidondosha sodiamu haidroksaidi kwenye chuma mbili, unapata mashapo ya kijani. Kwenye chuma tatu, ni ya kahawia. Nilifundisha vizuri siku hiyo. Nalitaja hilo kwa sababu ya yaliyofuata.

Wawira na wenzake walifika kidato cha nne. Mtihani wa kitaifa wa vitendo ukakaribia, na maagizo ya matayarisho yakaja: mmoja wa miyeyusho ulikuwa wa chuma mbili salfeti. Wiki hiyo Ciarunji alifiwa na shangazi yake kule Mbeere, akaomba ruhusa ya siku mbili.

"Nitarudi asubuhi ya mtihani," akaniambia. "Hiyo chuma mbili usiguse. Inatengenezwa siku hiyohiyo, na unaitilia asidi kidogo. Ikikaa na hewa inageuka."

"Najua, Madam," nikasema.

Nilijua. Nilikuwa nimelifundisha mwenyewe. Lakini mwalimu anapojua kitu kwa mara ya kwanza maishani huwa mtu wa hatari. Niliwaza vile atakavyorudi akute chupa zote tayari, zimepangwa, lebo zimeandikwa kwa mwandiko wangu mzuri, aseme, "Kumbe!" Siku mbili kabla ya mtihani nikafungua maabara, nikachukua fuwele zote za chuma mbili tulizokuwa nazo, nikaziyeyusha kwenye maji ya moto ili ziende haraka. Ile asidi kidogo niliisahau. Nikajaza chupa, nikazipanga dirishani penye mwanga mzuri.

Ciarunji alifika asubuhi ya mtihani, viatu vyake bado vina vumbi jekundu la Mbeere. Wasichana walikuwa wamepiga foleni nje, msimamizi ameketi mezani. Alichukua chupa moja akaiinua.

"Mwalimu, hii mbona ni ya manjano?"

"Ni mwanga wa dirisha."

"Fuwele zingine ziko wapi?"

Nikamwonyesha kopo tupu. Hakunigombeza. Alirudisha chupa mezani polepole, na mlango ukafunguliwa.

Kuna fomu ambayo mwalimu wa somo hujaza: anafanya jaribio lilelile mwenyewe, kwa kemikali zilezile, anaandika alichokiona, na watahini wanaitumia kuwapima wanafunzi. Nilifanya jaribio langu kwenye chumba cha matayarisho huku wasichana wakifanya la kwao upande wa pili wa ukuta. Nikadondosha sodiamu haidroksaidi. Nilitarajia kijani cha mboga iliyochemshwa. Nikapata kahawia, rangi ya matope ya Runyenjes mvua ikinyesha. Nikarudia kwenye mrija mwingine. Matope. Nikarudia mara ya tatu, kama mtu anayefungua friji tupu akidhani safari hii atakuta kitu.

Mtihani ulipoisha, Wawira alinipata kwenye veranda.

"Mwalimu, ilikuwa chuma tatu, sivyo? Imetoka kahawia."

"Umeandika ulichoona?"

"Nimeandika nilichoona."

"Basi umefanya vizuri," nikasema. Fomu ilikuwa mfukoni mwangu, bado haijajazwa, na mkono ulikuwa juu yake kana kwamba inaweza kuruka.

Mkuu wa shule aliniita ofisini pamoja na Ciarunji. Alikuwa mtu mtaratibu, si mbaya, lakini aliogopa barua zenye mihuri. Nilimweleza kilichotokea kwenye mirija. Alivua miwani akaifuta.

"Maagizo yanasema chuma mbili," akasema. "Mliweka chuma mbili. Andika kijani, mwalimu. Huo si uongo, ndiyo kemikali iliyowekwa."

"Wasichana wote wameandika kahawia, Sir. Nikiandika kijani, wote wamekosa."

"Na ukiandika kahawia, wataniuliza nani aliharibu. Hapa miyeyusho inatengenezwa na nani?" Akamtazama Ciarunji. "Mama, bodi haitangoja. Unajua hivyo."

Ciarunji alijua. Mimi niliajiriwa na serikali, na kunitoa kungehitaji faili kubwa kuliko mimi. Yeye angeweza kutolewa kabla ya chai ya saa nne. Alisimama karibu na mlango, mikono kwenye aproni, hakusema kwamba alikuwa mazishini, hakusema alinionya. Alinitazama tu, kama alivyonitazama nikishindwa na hesabu ya oksijeni, akingoja.

Ningependa kuwaandikia kwamba nilisimama mara moja. Sikusimama. Mkuu alimaliza kufuta kioo cha kwanza cha miwani, akafuta cha pili, akaivaa, na mimi bado nilikuwa najadiliana na nafsi yangu. Niliwaza jinsi nilivyo mgeni pale, Mmeru katikati ya Waembu. Niliwaza mama yangu Nkubu aliyewaambia kanisa zima kwamba mwanawe ni mtaalamu wa kemia. Kisha nikawaza kalamu ya Wawira.

"Nilitengeneza mimi," nikasema. "Siku mbili kabla. Bila asidi. Madam hakuwepo, na alikuwa ameniambia nisiguse."

"Sasa uligusa kwa nini?"

Nilitafuta sababu ya kisayansi. Haikuwepo. "Nilitaka kuonekana najua, Sir."

Mkuu akasukuma kalamu upande wangu. Nikajaza fomu palepale: mashapo ya kahawia, chuma tatu. Chini yake nikaeleza kwamba myeyusho uliharibika mikononi mwangu mimi, mwalimu wa somo, kwa uzembe wangu, na kwamba wanafunzi waliandika kile kilichokuwa mezani. Mwandiko wangu siku hiyo haukuwa mzuri hata kidogo.

Nilimfuata Ciarunji maabara kumwomba msamaha. Nilikuwa nimepanga hotuba. Alinikatiza kwenye neno la pili.

"Mirija ni mia moja na themanini," akasema, akanipa brashi. "Anza na hii iliyo na matope. Ikikauka haitoki."

Tukaosha. Baada ya muda mrefu akasema, akiangalia sinki, "Ungechelewa kidogo tu pale ofisini, ningekukasirikia."

"Kidogo namna gani?"

"Hicho kioo cha pili cha miwani. Hicho karibu kinikasirishe."

Nililetewa barua ya onyo. Iliamuliwa pia kwamba kwa miaka miwili nisiguse kemikali za mtihani bila kusimamiwa, na aliyeteuliwa kunisimamia ni Ciarunji. Aliisoma barua hiyo mara mbili kwa sauti. Ikabandikwa ndani ya mlango wa kabati la asidi, mahali nilipopaona kila siku.

Matokeo yalipotoka, kemia yao haikuanguka. Wawira alipata alama aliyoitaka na akaenda kusomea uuguzi. Hakuniaga, aliharakisha, na nilimwelewa. Sijui kama ni ile fomu iliyowaokoa au ni bidii yao tu. Sikuuliza, kwa kuogopa kuambiwa kwamba haikusaidia kitu.

Baadaye nilihamishiwa Meru, shule iliyo karibu na Kinoru, na huko ndiko nilikomalizia. Mlinikuta mkaniona mzee anayejua chaji zote bila kutazama ukutani. Nyinyi mna projekta na mtaala mpya, na wanafunzi wana simu zinazojibu kabla sijamaliza swali. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, si tu-Google tu?" Nikamwacha a-Google. Alipata jibu sahihi na hakujua lilitoka wapi, nami nikamwelewa kabisa, maana hivyo ndivyo nilivyopata diploma. Nikamkatia kartoni.

Kwenye sherehe ya kuniaga mlikuwepo. Mlisikia hotuba. Mshereheshaji aliniita bingwa wa kemia wa mlima mzima, na naibu mkuu akasema hajawahi kuniona nikikosea, jambo linaloonyesha alikuwa haingii darasani kwangu. Mimi nilikuwa nimeketi mbele na shada shingoni, nikianza kuamini.

Kisha mliona mama mzee mwenye kitambaa cheupe kichwani akiinuka kutoka viti vya nyuma. Wengi mlinong'ona kuulizana ni nani. Ni Ciarunji. Alikuwa ametoka Karurumo asubuhi, na mimi sikujua kama yu hai au la, aibu hiyo nayo niandikieni. Aliomba maikrofoni, akaigonga kwa kidole, akawaangalia wanafunzi waliopangwa kwenye nyasi.

"Huyu mwalimu nilimfundisha mimi," akasema. "Kwa hivyo mkikumbuka kitu alichowafundisha kikiwa sawa, hicho ni changu. Kikiwa na makosa, hicho ni chake."

Mlicheka wote, hata naibu mkuu. Mshereheshaji alinikimbilia na maikrofoni ili nijitetee. Nilikuwa na karatasi nne za hotuba mfukoni, nimeziandika kwa wiki nzima. Niliziacha humohumo.

"Ni kweli," nikasema, nikaketi.

Mke wangu anasema ni hotuba fupi kuliko zote alizonisikia nikitoa. Pia ndiyo pekee ambayo kesho yake sikuhitaji kurudi darasani kuirekebisha.